Umeme Usipopata Njia ya Kurudi Hauendi

Somo la umeme limo katika mafundisho ya shule zetu za msingi, wala si somo gumu. Mtoto huchorewa ubaoni betri, swichi na balbu. Huambiwa kwamba mzunguko ukifungwa taa huwaka na ukikatwa taa huzima. Hufundishwa majina mawili, mfululizo na sambamba. Kisha huulizwa hayo hayo katika mtihani, akayajibu vyema, akapata alama zake. Lakini mpe mtoto huyo huyo betri moja ya tochi, balbu moja ndogo na kipande kimoja cha waya, umwambie: "Haya, washa taa." Aghalabu atagusisha ncha moja ya waya kwenye kichwa cha betri, ncha ya pili kwenye kitako cha balbu, akangoja. Taa haiwaki. Atakutazama kana kwamba umempa betri iliyokufa.

Si watoto wetu peke yao. Mwaka 1997 ilitolewa Marekani filamu ya elimu iitwayo Minds of Our Own, ambamo vijana waliokuwa wakihitimu katika chuo cha MIT, chuo ambacho sifa yake ya uhandisi imeenea dunia nzima, waliulizwa swali hilo hilo wakiwa wangali na majoho yao. Je, waweza kuwasha balbu kwa betri moja na waya mmoja? Walijibu kwa uhakika kwamba waweza. Baadhi yao wakahangaika, wakashindwa. Tusiwacheke, maana jambo hili latuhusu sote: mtu aweza kupanda ngazi zote za elimu akiwa na umeme wa karatasini, asiwe na umeme wa mkononi.

Kama umeme ungekuwa bado ni mali ya mjini, tungewaachia walimu peke yao shauri hili. Lakini sivyo. Wakala wa Nishati Vijijini uliundwa kwa sheria ya mwaka 2005 ukaanza kazi mwaka 2007, na tangu hapo nguzo zimeingia katika vijiji ambavyo babu za watoto hawa walisomea kibatari, au hawakusoma kabisa. Mtoto wa mkulima wa leo hulala katika chumba chenye soketi ya volti 230. Pamoja na nguzo wameingia vishoka, watu wasio na ujuzi wala leseni, waungao nyaya kwa kuzisokota na kuzifunga kipande cha mfuko. Na yameingia mazoea ya kuondoa fyuzi iliyoungua na kutia mahali pake waya mnene, ati isisumbue tena. Katika nyumba hiyo mtoto amefundishwa neno moja tu juu ya umeme: usiguse! Ni neno jema, wala tusiache kulisema. Hata hivyo, aliyeambiwa asiguse bila ya kuambiwa sababu hutii mpaka siku atakapokuwa na haja ya kugusa. Na siku hiyo yaja, maana ndiye atakayekuwa mwenye nyumba.

Basi tumfundisheje? Kwanza yafaa kujua yeye mwenyewe anadhani nini. Mtaalamu mmoja wa elimu wa New Zealand, Roger Osborne, aliifanya kazi hiyo mwanzoni mwa miaka ya 1980, akiwauliza watoto umeme wafanyaje ndani ya waya. Mawazo yao yaliangukia mafungu manne. Wako waliodhani kwamba waya mmoja watosha, na wa pili ni wa ziada tu. Wako waliodhani kwamba umeme hutoka pande zote mbili za betri, ukakutana ndani ya balbu, na kugongana huko ndiko mwanga. Wako waliodhani kwamba umeme huzunguka kweli, lakini balbu hula sehemu yake, hata ule urudio kwenye betri ukawa mchache. Na wako waliojua kwamba mkondo urudio ni sawasawa na mkondo uliotoka.

Wazo la tatu ndilo gumu kung'oa, kwa sababu lina akili ndani yake. Mtoto huona betri ya redio ikiisha. Humwona mama akianika betri juani ili zipate nguvu kidogo za kusikilizia habari. Humsikia baba akilalamika kwamba uniti za LUKU zimekwisha na mwezi haujafika nusu. Kitu kikiisha, yeye asema, basi kimeliwa. Asema kweli: kimeliwa. Ila kilicholiwa ni nishati, wala si mkondo. Tofauti hiyo haielezeki ubaoni hata kwa chaki ya rangi saba. Yaelezeka kwa kamba.

Chukua kamba laini, ndefu, uifunge ncha kwa ncha. Watoto kumi au kumi na wawili wasimame mduara, kila mmoja akiacha kamba ipite katika viganja vilivyolegea. Mwalimu ndiye betri: aivute kamba kwa mkono mmoja na kuisukuma kwa mkono wa pili, izunguke. Sasa mtoto mmoja awe balbu, aibane kidogo. Baada ya kitambo atapiga kelele kwamba viganja vyamchoma. Waulizwe wote: Je, kamba imepungua? Haikupungua. Joto la viganja limetoka wapi? Limetoka katika jasho la mwalimu, aliyekuwa akivuta. Nani alianza kuona kamba ikienda, aliye karibu na mwalimu au aliye mbali? Wote kwa pamoja. Hapa mtoto amepata jambo ambalo watu wazima wengi hawalijui: chembe za umeme ndani ya waya wa shaba hutambaa polepole mno, kwa kawaida hata milimita moja kwa sekunde haifiki, lakini taa huwaka mara moja, kwa kuwa waya mzima umejaa chembe hizo tangu mwanzo, na zote huanza kwenda kwa wakati mmoja, kama kamba.

Vitabu vingi hupenda mfano wa maji katika bomba. Mfano huo si mbaya, lakini una ila yake, hasa kwetu. Mtoto wa Kilimanjaro aliyezoea mfereji uletao maji shambani ajua kwamba maji yaliyofika mgombani hayarudi mlimani; na mtoto yeyote ajua kwamba bomba likikatwa maji humwagika. Akiuchukua mfano huo kama ulivyo, atadhani kwamba waya uliokatwa humwaga umeme chini. Kamba haina hatari hiyo: ukiikata, yote husimama.

Baada ya kamba, mpe vitu mkononi. Hapana haja ya maabara. Betri mbili za tochi za volti 1.5, balbu mbili ndogo zilizo sawa, vipande vya waya vilivyochunwa ncha, na utepe wa gundi wa kushikizia. Kwanza aitazame balbu yenyewe. Ina milango miwili: ncha iliyo chini kabisa, na ubavu wake wa bati. Utambi ule mwembamba ulio ndani ya kioo umeungwa ncha moja kwenye mlango huu na ncha ya pili kwenye mlango ule. Mtoto asiyejua hivyo huona kitako cha balbu kama kitu kimoja, na ndiyo sababu ya yule wa kwanza kushindwa. Aliyejua atasimamisha ncha ya balbu juu ya kichwa cha betri, atapitisha waya kutoka kitako cha betri mpaka ubavu wa balbu, na taa itawaka. Mwache aiwashe na kuizima mara nyingi apendavyo. Furaha yake hapo ndiyo ada ya somo.

Akiisha kuona hivyo, muulize swali ambalo kila mtoto amejiuliza: mbona kunguru hutua juu ya waya wa umeme asife? Usimpe jibu upesi. Atafika mwenyewe: kunguru ameshika waya mmoja kwa miguu yote miwili, wala hagusi kitu kingine, umeme hauna njia ya kupita ndani yake kwenda mahali pengine. Lakini popo mkubwa au tai akigusa nyaya mbili kwa mabawa yake hufa papo hapo, kwa maana amekuwa njia. Na mtu asimamaye chini akagusa waya mmoja tu, mbona yeye hufa? Kwa sababu mtambo utuleteao umeme nao umeungwa na ardhi. Waya, mwili wa mtu, ardhi, mtambo: mzunguko umefungwa. Ndiyo sababu mti mbichi ulioegemea waya ni hatari. Ndiyo sababu waya ulioanguka baada ya mvua haukaribiwi hata na mwenye viatu, maana ardhi yenyewe kandokando yake yaweza kuwa na umeme. Mtoto aliyelifikia neno hilo kwa kufikiri hatalisahau. Sasa "usiguse" imepata mizizi.

Ndipo zije zile aina mbili za mizunguko. Kabla ya kila jaribio mtoto aseme kwanza anadhani itakuwaje, na aseme mbele ya wenzake. Asiyetabiri haoni kitu, hutazama tu. Apange balbu mbili katika njia moja, umeme upite ya kwanza ndipo upite ya pili. Huo ni mfululizo. Zote mbili zitawaka kwa unyonge. Wengi watakuwa wametabiri kwamba ya kwanza itang'aa na ya pili itafifia, kwa lile wazo la mkondo kuliwa njiani. Watazame: zimefifia sawasawa! Afungue moja, ya pili nayo yazima. Kisha azipange kila moja na njia yake kutoka betri na kurudi betri. Huo ni sambamba. Zote zitang'aa kama vile kila moja iko peke yake, na akiondoa moja nyingine haina habari. Mtoto atasema sambamba ni bora. Muulize: Je, ni bure? Zikiachwa zikiwaka hivyo, betri itakwisha upesi kuliko katika mfululizo, kwa kuwa yalisha njia mbili. Turudi kwenye kamba: mwalimu avute kamba mbili kwa mara moja, kila moja na mbanaji wake, aone jinsi anavyochoka.

Hata wakubwa walipita katika darasa hili. Mwezi wa Aprili 1879 Charles Brush aliwasha taa kali za barabarani katika mji wa Cleveland, Marekani. Taa hizo zilikuwa za mfululizo, na hivyo Brush alilazimika kubuni kifaa cha kuupitisha umeme kando ya taa iliyoharibika, la sivyo moja ingezima zote. Mwaka huo huo William Preece, mhandisi mashuhuri wa Posta ya Uingereza, alisema kwamba kuugawa umeme katika taa ndogo ndogo za majumbani ni ndoto isiyofikiwa. Septemba 4, 1882 Thomas Edison alifungua kituo chake cha Pearl Street, New York, taa zikiwa sambamba, kila moja na njia yake, zikiwa na tambi nyembamba zenye ukinzani mkubwa ili nyaya za shaba zisihitaji kuwa nene na ghali. Ndoto ikawa balbu sebuleni. Mwanafunzi aliyetabiri vibaya asione haya. Ana mwenzake katika vitabu vya historia.

Sasa mtoto aitazame nyumba yake kwa macho mapya. Taa ya jikoni ikizimwa, ya chumbani yaendelea kuwaka: basi taa ziko sambamba. Lakini swichi ya jikoni imekaa katika njia ile ile ya taa yake: basi swichi na taa yake viko katika mfululizo. Na fyuzi? Fyuzi kuu imewekwa mahali ambapo mikondo yote ya nyumba haina budi kupita, ili ikikatika yote yakatike. Ila ile ya mfululizo, ya kwamba mmoja akifa wote hufa, hapa yageuka kuwa ulinzi. Waya wa fyuzi umefanywa mwembamba kwa makusudi, ufe kwa niaba ya nyumba. Anayetia waya mnene mahali pake amemfukuza mlinzi kwa sababu alipiga kelele usiku.

Tena kuna hesabu ambayo mtoto wa darasa la sita aiweza. Plagi zetu za kawaida ni za ampea 13. Ampea 13 mara volti 230 ni karibu wati 3,000. Birika la wati 2,000 na pasi ya wati 1,000 vikichomekwa katika kamba moja ya soketi nyingi, vimefika mpakani. Ongeza jiko dogo la wati 1,000: sasa mkondo ni zaidi ya ampea 17, kwa kuwa kila soketi ya kamba ile iko sambamba na wenzake, na mikondo yote hujumlika katika waya mmoja uendao ukutani. Na joto la waya halipandi kwa kadiri ya mkondo tu: mkondo ukiongezeka mara mbili, joto huongezeka mara nne. Waya huo ukiwa umefichwa chini ya mkeka, wenye nyumba hulala wasijue.

Aina nyingine ya mzunguko haitajwi sana katika vitabu vya watoto, nayo ndiyo inayotajwa sana magazetini: shoti. Waya wa kwenda ukagusana na waya wa kurudi, umeme hupata njia fupi isiyo na balbu wala pasi ya kuuzuia. Mkondo waweza kufika mamia ya ampea kwa kitambo kifupi, cheche zikaruka. Kwa betri moja ya tochi jambo hili laweza kuonyeshwa kwa kugusisha waya kichwani na kitakoni kwa sekunde mbili tu, mtoto aone waya unavyopata moto, kisha auachie. Kwa betri ya gari, ya pikipiki au ya simu jaribio hilo lisifanywe kamwe, wala mtoto asipasue betri ya aina yoyote. Na soketi ya ukutani haimo katika somo hili.

Kama mtu angali anadhani kwamba mfululizo na sambamba ni maneno ya mtihani, na akumbuke Unguja. Kisiwa kilipata umeme wake kutoka bara kwa waya mmoja mkuu uliolazwa chini ya bahari. Mwezi wa Desemba 2009 njia hiyo iliharibika, na Unguja ikakaa gizani mpaka Machi 2010, kwa muda wa karibu miezi mitatu. Wenye jenereta waliziwasha. Pampu za maji zilisimama, watu wakahangaika na ndoo. Mapema, mwaka 2008, kisiwa kilikwisha kuonja giza la wiki kadhaa. Mwaka 2013 ukazinduliwa waya wa pili wa baharini, wenye uwezo wa megawati 100. Mwonyeshe mtoto ramani, umwulize ni mzunguko wa namna gani uliokuwapo kabla, na wa namna gani baadaye. Atajibu kabla hujamaliza kuuliza.

Kuna kikwazo kimoja cha siku hizi ambacho walimu wakijue. Balbu ndogo zenye utambi zimeanza kuadimika madukani, na tochi nyingi sasa ni za taa za LED. Hizo nazo hufaa, lakini zina tabia zake: hupitisha umeme upande mmoja tu, kwa hiyo zisipowaka zigeuzwe, na nyekundu yahitaji karibu volti 2, nyeupe karibu volti 3, hivyo betri moja haitoshi, hapana budi ziwe mbili kwa mfululizo. Fundi redio wa mtaani huwa na boksi la mabaki: taa, swichi, mota ndogo za redio za kaseti. Mota yafurahisha watoto kuliko taa. Fundi huyo hajaalikwa shuleni hata siku moja, ingawa yuko hatua mia kutoka hapo.

Na wewe ndugu mfanyakazi ambaye kazi yako ni umeme, kiwandani, TANESCO au chuo cha VETA, saa moja ya Jumamosi katika shule ya kata yako yaweza kutimiza jambo ambalo mchoro haukulitimiza kwa miaka. Sema nao Kiswahili kama usemavyo na msaidizi wako kazini. Watoto hawa wakienda sekondari somo hili watalikuta kwa Kiingereza. Aliyekwisha kulielewa kwa mikono yake na lugha yake atakuwa na kazi ya kujifunza jina jipya tu la kitu akijuacho, bali asiyelielewa atakariri mara ya pili.

Wakiisha kuzoea, wapewe fumbo hili, ambalo hata baadhi ya wakubwa hulikuna kichwa. Ukumbi una milango miwili na taa moja. Aingiaye kwa mlango huu aweza kuiwasha taa, akatoka kwa mlango ule akaizima. Na anayekuja kwa mlango ule naye aweza kuiwasha, akaizima huku. Swichi mbili katika mfululizo hazitafaa, kwa maana moja ikifungwa wazi ya pili haina nguvu. Swichi mbili sambamba nazo hazitafaa, kwa maana moja ikiwashwa ya pili haiwezi kuzima. Kila swichi iwe na ulimi uwezao kugeukia njia mbili badala ya moja, wapewe vipande viwili vya ziada vya waya vya kuunga swichi hii na ile, kisha waachwe wajaribu wenyewe.